Buda Alinunua Kebo Juu Yangu

Leo hakuna video. Nimejaribu kurekodi hii stori mara tatu na kila mara nikifika katikati sauti inanibadilikia, kwa hivyo wacha niandike tu.

Wale mko hapa kutoka mwaka jana mnakumbuka ile video ya kebo. Ile nimevaa hudi ya kijani, nimeshika kebo nyeusi nene kama mkia wa ng'ombe, plagi zinang'aa dhahabu, nasema, "Sikieni hiyo bezi! Sikieni tofauti!" Hiyo ndiyo video ilinitoa. Kabla yake wafuasi wangu walikuwa watu tulisoma nao sekondari na binamu wawili. Baada yake, wueh.

Kuna mambo mawili sikuwahi kuwaambia. La kwanza, nililipwa. Duka moja la hapa tauni lilinipa elfu nane pamoja na kebo yenyewe, na sikusema mahali popote kwamba hilo ni tangazo. La pili ni baya zaidi. Pale kwa kulinganisha, kebo ya kawaida kwanza halafu ile ya elfu nne na mia tano, hiyo ya pili niliipandishia sauti kidogo wakati wa kuhariri. Kidogo tu, desibeli mbili hivi. Ukisikia wimbo mmoja mara mbili, na mara ya pili uko juu kidogo, sikio halisemi "huu uko juu". Linasema "huu ni mtamu". Watu wa kuuza spika wanaijua hiyo. Mimi pia nilikuwa naijua, na nikawafanyia nyinyi.

Nilijiambia hakuna mtu ameumia. Ni kebo tu, bana.

Sasa, buda yangu anaishi Nakuru. Alifundisha hesabu shule za upili miaka mingi, amestaafu, na starehe yake ni moja: sidii. Ako na rafu nzima. Franco na TPOK Jazz, Les Wanyika, kwaya za kanisa, na rekodi zingine za benga ambazo hata kasha lake limefifia huwezi kusoma jina. Zote huchezwa kwa risiva aliyonunua 2003, mashine nyeusi nzito ambayo sisi watoto tulikatazwa kugusa hata kwa kitambaa cha vumbi. Deki yake ya zamani ilikufa, akakaa miezi bila muziki, halafu akapata deki ya DVD ya mtumba, zile zinatoka Uingereza. DVD inasoma sidii vizuri tu, hapo hakuna shida.

Mimi na yeye hatukuwa tunaongea sana. Mnajua niliacha chuo. Nilikuwa mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Kwa nini niliacha ni stori ya siku nyingine, lakini jueni kwamba karo ilikuwa inatoka kwa pensheni yake, na nilimwambia kwa simu, baada ya kukosa mitihani ya muhula mzima. Hakunitusi. Alisema "sawa" akakata. Kutoka siku hiyo simu zetu zikawa za dakika moja: umeamkaje, umekula, huko mvua imenyesha?

Kwa hivyo alipopiga Jumatano moja na kuniambia, "Mama, hii redio inanguruma, na si wewe ulisomea mambo ya stima," nilikaa chini kwanza.

Nikamuuliza inafanyaje. Akasema sauti inapasuka, bezi ni nyingi kama mtu anaimba akiwa ndani ya pipa, na chini yake kuna mvumo hauishi. "Nimebadilisha waya, na bado," akasema. Nikamwambia nakuja Jumamosi.

Ningemwambia anipigie picha ya nyuma ya mashine zote mbili na anitumie. Sikufikiria. Hilo ndilo kosa la kwanza watu hufanya, na mimi mwenye kufundisha watu kwa mtandao nikalifanya. Nikaenda Luthuli bila kujua natafuta nini.

Luthuli Avenue wengi mnaijua. Tangu waipanue sehemu ya watembea kwa miguu 2019 angalau unaweza kusimama mbele ya duka bila kukanyagwa na matatu, lakini kelele ni zile zile, kila duka na spika yake mlangoni. Ukiingia ukiwa msichana, muuzaji anaangalia nyuma yako kuona kama kuna mwanaume unakuja naye. Nikaambia mmoja nataka kebo ya kuunganisha deki na risiva. Akatoa sanduku.

"Siste, kama ni ya mzee mpatie kitu ya maana. Hii inatoa bezi."

"Inatoaje?"

"Inatoa tu. Si uliona video?"

Wasee. Nilikuwa nimevaa maski ya vumbi, sidhani alinitambua. Nilinunua kebo ya kawaida ya nyekundu na nyeupe, mita moja, mia mbili hamsini, na kebo ya optikali ya mia nne hamsini nikiwa sijui kama nitaihitaji, juu kurudi kutoka Nakuru ni ghali kuliko kebo. Nikatoka haraka.

Sasa kabla sijafika Nakuru, wacha niwaeleze hizi kebo ni nini, juu nusu ya maswali kwa inboksi yangu ni haya.

Nyuma ya deki kuna njia mbili za kutoa sauti. Ya kwanza ni analogi: ile nyekundu na nyeupe, nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Plagi hizo zinaitwa RCA, kutoka kwa kampuni ya Marekani ya Radio Corporation of America, ni za kitambo sana. Ukitumia hizo, deki yenyewe ndiyo inasoma namba kwa sidii na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti. Ya pili ni dijitali: optikali, koaksio (tundu moja, mara nyingi la rangi ya chungwa), au HDMI. Hapo deki inatuma namba zikiwa namba, na kazi ya kuzigeuza inafanywa na risiva.

Hilo ndilo swali la kweli: nani ageuze, deki au risiva? Ukishajibu hilo, kebo inajichagua yenyewe, juu unaangalia tu tundu gani liko kwa mashine zote mbili.

Sidii ina sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli ni biti 16, mara mbili kwa kulia na kushoto. Piga hesabu: biti 1,411,200 kwa sekunde. Hizo biti ni moja na sufuri. Kebo ya dijitali haiwezi kuziongezea bezi, kama vile ukinitumia namba ya M-Pesa kwa karatasi nzuri pesa haziongezeki. Kebo ya dijitali ikiwa mbaya utajua: sauti inakatika, inafanya tik-tik, au hakuna kitu kabisa. Hakuna dijitali mbaya ambayo inapunguza tu utamu kidogo.

HDMI sitaongea sana. Kama risiva yako iko na HDMI ya kuingiza na deki ni ya Blu-ray, tumia hiyo na uendelee na maisha yako. Zile sauti kubwa za Blu-ray, TrueHD na DTS-HD, haziingii kwa optikali. Optikali inabeba stirio ya kawaida au ile ya spika nyingi iliyobanwa kama ya DVD, basi. Na wale mnaniandikia "optikali yangu haitoi sauti", angalieni vitu viwili. Kwanza, toeni kile kifuniko kidogo cha plastiki kwa ncha ya kebo. Msicheke, ni wengi. Pili, ingieni kwa mipangilio ya deki, pale kwa sauti ya dijitali, muweke PCM. Kama deki inatuma Dolby na mashine yako haielewi Dolby, itanyamaza au itapiga kelele kama mvua kwa mabati.

Haya, turudi Nakuru.

Nilifika saa tano hivi. Buda alikuwa amepanga viti kama mtu anangoja wageni. Tukanywa chai kwanza, hatukusema mengi. Halafu nikawasha tochi ya simu nikaingia nyuma ya kabati.

Niliiona kabla sijaona kitu kingine. Kebo nyeusi, nene, plagi za dhahabu.

"Baba, hii umetoa wapi?"

"Niliagiza Nairobi. Si ulisema ni nzuri."

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile angesema "si ulisema mvua itanyesha". Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwa vumbi, na nilishukuru Mungu sura yangu iko nyuma ya kabati. Sikuwahi kujua huyu mzee anatazama video zangu. Baadaye mathe aliniambia anazitazama zote, hata zile za mapishi, na hakuna siku amebonyeza kupenda juu hajui kazi ya hicho kidole.

Elfu nne na mia tano. Pensheni ya mwalimu. Na redio bado inanguruma.

Nikashika ile kebo kwa vidole nikaifuata mpaka mwisho wake, na hapo nikaona shida. Tundu liliandikwa PHONO.

PHONO si ya simu, na si ya kila kitu. Ni ya kinanda cha santuri, zile sahani nyeusi kubwa. Sindano ya santuri inatoa umeme mdogo sana, kama milivolti 5. Deki ya sidii inatoa kama volti 2. Hiyo ni mara 400. Tundu la PHONO limetengenezwa likijua kinachokuja ni kidogo, kwa hivyo ndani yake kuna saketi ya kukikuza mara nyingi kabla hakijafika mahali pengine. Sasa ukiingizia volti 2, ni kama kumpigia kelele mtu ambaye tayari ameweka masikio kwa megafoni. Inapasuka lazima. Na kuna kitu cha pili: santuri hurekodiwa bezi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, halafu PHONO inarudisha kinyume. Sidii haikupunguzwa bezi. Kwa hivyo PHONO inaiongezea bezi ambayo haikuwa imepungua na kuikata ile nyembamba. Ndiyo mtu anaimba ndani ya pipa.

"Kwa nini uliweka hapa?"

"Ndiyo ilikuwa wazi. Ile ya CD fundi wa dishi aliweka dikoda."

Ni kweli. Na kinanda cha santuri kilikufa kabla mimi kuzaliwa, kwa hivyo tundu lilikuwa limekaa bure. Mtu yeyote angefanya hivyo. Lakini ona vile ilienda: mzee alisikia sauti mbaya, akadhani ni waya, akanunua waya bora kuliko zote alizojua, na hiyo aliijua kutoka kwangu. Kama ningetumia hizo dakika tatu za video kusema "usichomeke sidii kwa PHONO", angemaliza hiyo shida bila kutoa hata shilingi.

Nikatoa dikoda kwa CD, nikaweka deki hapo, na kebo yake ile ile ya bei. Tukaweka Les Wanyika. Gitaa likatoka safi kama mtu amefungua dirisha. Buda akashika mkono wa kiti, hakusema kitu mpaka wimbo ukaisha.

Nilidhani nimemaliza. Halafu akauliza, "Na habari za saa moja?" Juu yeye husikiliza taarifa kupitia hizo spika, hawezi ile sauti ya televisheni. Nikachomeka dikoda kwa tundu lingine na mvumo ukarudi. Na ulirudi hata kwa sidii, si kwa dikoda pekee.

Hapo nilikumbuka kitu cha darasani. Ndiyo, cha darasani, msinianze. Mvumo wa chini, mzito, usiobadilika, mara nyingi ni stima yenyewe, ile ya ukutani, ambayo kwetu hubadilika mara 50 kwa sekunde. Vifaa viwili vikiwa vimefika ardhini kwa njia mbili tofauti, kwa mfano risiva kupitia kwa soketi na dikoda kupitia kwa waya wa dishi kule kwa paa, umeme mdogo unazunguka kati yao kupitia ule mfuniko wa nje wa kebo ya RCA, na wewe unausikia. Kujua ni rahisi: toa waya wa dishi kwa dikoda. Nikautoa. Kimya. Nikarudisha. Mmmmmm. Nikautoa. Kimya. Buda akaanza kucheka.

Hapo ndipo ile optikali ya mia nne hamsini ikapata kazi. Ndani yake hakuna shaba, ni uzi wa plastiki na mwanga mwekundu. Mwanga haubebi umeme wa ardhini. Dikoda ilikuwa na tundu la optikali, risiva pia, nikaunganisha, nikatoa zile nyekundu na nyeupe kabisa. Mvumo ukaisha na haujarudi. Kwa hivyo msiseme nasema kebo zote ni sawa. Kebo sahihi kwa tatizo sahihi inaweza kuokoa nyumba nzima. Lakini ilikuwa ya mia nne hamsini, na haikushinda kwa kuwa na kitu kitamu ndani, ilishinda kwa kuwa haina kitu ambacho ile nyingine inacho.

Baada ya chakula cha mchana nikamwambia ukweli. Nilipwe, nipandishe sauti, yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa lile "sawa" lake. Badala yake akaniangalia kama mtoto wa kidato cha pili amekosea hesabu.

"Ulibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja," akasema. "Waya na sauti. Kwa jaribio unabadilisha kimoja."

Akaenda akaleta daftari la mraba na kalamu. Aki huyu mzee. Akasema tufanye vizuri.

Tukafanya hivi. Yeye ameketi, mgongo kwa kabati. Mimi nyuma na kebo mbili, ile yake na yangu ya mia mbili hamsini. Wimbo mmoja, kipande kile kile, kitufe cha sauti hakiguswi. Kila mara narusha sarafu: kichwa ni ya bei, mkia ni ya rahisi. Hata kama kebo ni ile ile nachomoa na kuchomeka upya, ndio asijue kwa mlio. Yeye anaandika ni gani. Mara kumi. Ilichukua karibu saa nzima na mgongo uliniuma mpaka Jumatatu.

Alipata sita.

Mimi nilikuwa nataka kusema, eeh, sita ni zaidi ya nusu. Yeye alikuwa tayari anapiga hesabu. Njia 1,024 za kujibu maswali kumi ya ndiyo au la. Njia 386 kati ya hizo zinakupa sita au zaidi. "Karibu asilimia 38," akasema. "Mtu anayekisia tu bila kusikia chochote anaweza kupata hivi zaidi ya mara moja kwa kila tatu. Hii si kitu." Akapiga mstari chini mara mbili, vile alikuwa akifanya kwa daftari zangu.

Sisi si wa kwanza kujaribu hii kitu. Kuna Mmarekani alikuwa anaitwa James Randi, mtu wa mazingaombwe aliyekuwa akifichua wadanganyifu. 2007 aliweka dola milioni moja kwa yeyote atakayeweza, kwa masikio pekee, kutofautisha kebo za spika za zaidi ya dola 7,000 na za kawaida. Kulikuwa na kelele nyingi kwa mtandao lakini jaribio halikufanyika, na hizo pesa hazikutoka.

Na ile dhahabu kwa plagi? Ina kazi, lakini si ile mnaambiwa. Fedha inapitisha umeme vizuri kuliko shaba, na shaba inapitisha vizuri kuliko dhahabu. Dhahabu haiwekwi kwa sababu ya sauti, inawekwa juu haishiki kutu. Wasee wa Mombasa, Kilifi, Lamu, nyinyi na hewa yenu ya chumvi, hapo nawaelewa, chukueni zilizopakwa dhahabu. Hata za mia tatu zinapakwa.

Kwa analogi kuna vitu vya kweli vya kuangalia. Plagi ishike, isilegee. Itikise kidogo ikiwa kwa tundu, ikikwaruza rudisha. Nunua urefu unaohitaji, mita moja kama mashine zimepangana, si mita tano za kukunja nyuma ya kabati. Usiilaze pamoja na nyaya za stima. Waya usiwe mwembamba kama wa chaja ya bure. Hayo yote unayapata kwa mia mbili mpaka mia tano, na mimi sijui pesa inayobaki inanunua nini isipokuwa sanduku.

Kitu kingine, cha wale hamna doo kabisa. Buda aliuliza lile tundu la rangi ya chungwa kwa deki ni la nini. Nikaingia kwa droo, ile kila nyumba iko nayo ya nyaya zisizo na wenyewe, nikatoa kebo ya njano ya video. Ile ya njano imetengenezwa kwa om 75, na koaksio ya dijitali inataka hizo hizo om 75. Nikaunganisha deki na risiva kwa dijitali, bure kabisa, ikafanya kazi mara ya kwanza. Akadhani amesikia tofauti, na hapo sikumbishia, juu sasa aliyegeuza namba alikuwa risiva badala ya deki. Hiyo ni chipu tofauti. Huo mjadala naweza kuusikiliza. Mwishowe alisema anapenda ile ya kwanza, turudishe, na nikarudisha na kebo yake nene. Haina ubaya. Inafanya kazi kama ya mia mbili hamsini.

Nikirudi Nairobi Jumapili jioni nikamtumia elfu nne na mia tano kwa simu. Akapiga dakika hiyo hiyo.

"Mbona umenitumia pesa?"

"Za kebo, Baba."

"Kebo niko nayo." Kimya. "Hizo elfu nane walikupa ulifanyia nini?"

"Kodi ya nyumba."

"Ulikuwa na deni?"

"La miezi miwili."

Kimya kingine. Halafu akasema, "Ungeniambia." Na baada ya hapo akaniuliza kama kinanda cha santuri bado kinaweza kupatikana, juu sasa PHONO imebaki wazi na hataki fundi wa dishi airudie. Niliangalia simu ilipoisha. Dakika kumi na saba.

Asubuhi yake alinirudishia elfu mbili. Hakueleza hesabu yake na sikuuliza.

Ile video nimeitoa. Duka lilinitafuta wiki iliyopita wakitaka nyingine, safari hii kebo ya HDMI, pesa zaidi ya zile za kwanza. Niliwaambia nitafanya ya PHONO, bure, wakitaka waweke kwa mlango wa duka. Hawajajibu. Kodi ya mwezi huu iko juu yangu na sitawadanganya kwamba sikufikiria ile ofa siku mbili nzima.

Kwa wale mlinunua ile kebo juu yangu: siwezi kuwalipa, sina. Lakini najua wengi mlinunua juu kuna kitu kilikuwa kinasumbua, na labda bado kinasumbua. Nitumieni picha ya nyuma ya deki na nyuma ya risiva, zote mbili, maandishi ya matundu yaonekane. Nitawajibu mmoja mmoja, hata ichukue mwezi. Na msipanguse vumbi kwanza, mimi nimezoea.